Kodi ya nyumba ya urithi imepanda: nilipe, nigome, au niulize?

SWALI

Assalaamu alaykum. Marehemu baba alituachia nyumba Miembeni, Unguja. Ndani tumo mimi, mama yetu na wanangu wawili. Kaka zangu wawili, mmoja yuko Dar es Salaam na mmoja Muscat. Dada zangu wawili wameolewa, mmoja Chake Chake na mmoja Mwanakwerekwe. Madai ya nyumba yamekuwa yakipanda, na safari hii imekuja karatasi yenye kima kikubwa hata mama akashindwa kula. Nimekwenda kuuliza, nikajibiwa, "Hicho ndicho kima kipya." Hatujaongeza hata tofali moja, ila chumba cha mbele tumempangisha kijana wa duka, na pesa yake ndiyo tunayonunulia mchele. Kaka zangu wanasema alipe aliye ndani. Jirani ananiambia nisilipe kabisa, vipi mtu alipie nyumba yake mwenyewe? Nifanye nini?

JIBU

Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Mpe pole mama, na umwambie kwamba nyumba haiondoki kwa karatasi moja ya madai. Ale chakula chake.

Nianze na la haraka, maana karatasi hiyo ina tarehe na tarehe haingoji. Usilipe ukanyamaza, na usikatae ukanyamaza. Ukilipa bila kuuliza, umekikubali kima hicho na mwakani watakianzia hapo. Ukikaa na karatasi kabatini, deni linabaki palepale na faini inaanza kuhesabiwa, na hakuna atakayejua kwamba ulikuwa na hoja. Njia iliyo sawa ni kuomba kwa maandishi uonyeshwe hesabu, huku ukilipa ile sehemu usiyo na ubishi nayo. "Hicho ndicho kima kipya" si jibu la kumpa mtu aliyekuja na mkoba wake kuuliza. Ofisi inayodai pesa inawajibika kueleza imezipataje, na wewe una haki ya kukaa mpaka uelezwe.

Sasa kaa na karatasi hiyo mahali penye mwangaza uisome yote, si ile jumla ya chini peke yake. Angalia kwanza imetoka ofisi gani na inataja sheria gani. Kwetu Zanzibar nyumba moja inaweza kudaiwa kutoka milango mitatu. Mambo ya ardhi yana Kamisheni ya Ardhi. Kodi za Serikali ya Mapinduzi mkusanyaji wake mkuu ni Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ile iliyokuwa ikiitwa ZRB. Na ada za usafi na taka ni za baraza lako la manispaa. Mtaani zote hufungwa fungu moja zikaitwa kodi ya nyumba, kisha mtu akaenda kugombana na ofisi isiyohusika hata kidogo na deni lenyewe. Kama madai yako ni ya taka, mthamini wa majengo hana la kukusaidia. Kama ni ya ardhi, kumwambia diwani kwamba hujaongeza tofali ni kupoteza asubuhi.

Kisha tazama ni ya mwaka gani. Hapa ndipo watu wengi hushtuka. Deni la mwaka huu huandikwa mstari mmoja, salio la nyuma mstari mwingine, faini ya kuchelewa mstari wa tatu, na jumla yake ndiyo inayomtoa mtu jasho. Familia inasema kodi imepanda mara tatu, kumbe kodi ya mwaka ni ileile, na kilichoongezeka ni miaka ile ambayo mzee alikuwa mgonjwa na hakuna aliyekwenda kulipa. Sisemi hilo ni jepesi. Lakini dawa yake ni nyingine: unaomba ulipe kwa mafungu na faini ipunguzwe, huombi tathmini mpya. Na kama salio hilo ni la wakati wa uhai wa baba, basi ni deni la marehemu. Katika mirathi yetu deni hulipwa katika mali ya marehemu baada ya gharama za maziko, kabla ya wasia na kabla ya mtu yeyote kupewa fungu lake. Si deni lako wewe uliyebaki ndani.

Baada ya hapo angalia jina, namba ya kiwanja au ya nyumba, shehia (eneo la mtaa linalosimamiwa na sheha), ukubwa, idadi ya ghorofa, na ule mstari unaosema nyumba inatumika kwa makaazi au kwa biashara. Mstari huo wa mwisho ndio ningeuangalia wa kwanza kama ningekuwa nimekaa na wewe hapo barazani.

Umesema hamjaongeza hata tofali, na mimi nakuamini. Lakini chumba cha mbele sasa ni duka. Mtu wa kuhesabu majengo akipita Miembeni haoni mama mzee aliyelala chumba cha ndani, wala watoto wanaosoma uani. Anaona mlango wa chuma unaofunguliwa asubuhi, friji la soda, kibao cha kutuma na kupokea pesa, na wateja wamesimama. Anaandika "biashara" na kwenda zake. Huenda akaandika hivyo kwa nyumba nzima. Viwango vya biashara karibu kila penye kodi ya majengo huwa juu kuliko vya makaazi, kwa hivyo mstari huo mmoja unatosha kuipandisha karatasi yako hata kama kiwango cha kodi hakijaguswa.

Basi chukua futi kamba upime. Tuseme nyumba yenu ina mita 10 kwa 12, yaani mita za mraba 120, na chumba cha duka kina mita tatu na nusu kwa tatu. Hiyo ni mita 10 na nusu za mraba, chini ya sehemu moja ya kumi ya nyumba. Omba kwa maandishi kwamba sehemu hiyo peke yake ndiyo ihesabiwe biashara na iliyobaki ihesabiwe makaazi. Ombi hilo ni la haki, linapimika, na ofisa mwenye akili yake hawezi kulidharau. Usilifiche duka wala usimwambie kijana afunge siku ya ukaguzi. Ukikamatwa na jambo moja la uongo, hata ukweli wako wote wa mengine unapoteza uzito.

Ukiwa umeshika futi kamba hiyo, pima pia kuta za nje. Tangu 2016 Unguja na Pemba zimepigwa picha kutoka angani kwa ndege ndogo zisizo na rubani, katika kazi kubwa ya kutengeneza ramani iliyofanywa na Kamisheni ya Ardhi pamoja na washirika wake, wakiwemo vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Ni kazi nzuri na visiwa vinaihitaji. Lakini picha ya juu inaona paa, haioni kuta. Nyumba zetu nyingi zina mabati yanayotokeza nje kuzuia mvua isipige ukuta, na mbele kuna baraza iliyoezekwa. Chukua nyumba ile ile ya mita 10 kwa 12. Bati likitokeza sentimita 75 kila upande, paa linakuwa mita 11 na nusu kwa 13 na nusu, yaani zaidi ya mita za mraba 155. Zimeongezeka mita 35 ambazo hakuna mtu anayelala ndani yake. Popote ambapo ukubwa umekadiriwa kwa picha, hiyo ni karibu sehemu tatu za kumi za ziada, na haikuwekwa na mtu mbaya, imewekwa na bati. Kuna nyumba mbili za Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, zilizoezekwa paa moja ambazo kwenye picha ni jengo moja. Kuna gofu la uani lisilo na hata mlango ambalo juu linaonekana kama banda zima. Kwa hiyo chora mchoro wa nyumba kwa mkono, andika vipimo vya kila upande, umwombe sheha au fundi anayeaminika mtaani aweke saini yake kwamba vipimo ni vya kweli.

Sasa swali lako lenyewe: inapanda kwa kipi, na nyumba ni ileile?

Pale ambapo kodi inafuata thamani, kima unachodaiwa huzaliwa na vitu viwili, thamani ya jengo na kiwango kinachotozwa juu yake. Nikupe mfano wa kuhesabia tu, si viwango vya Miembeni. Nyumba ina thamani ya shilingi milioni 40, kiwango ni shilingi 2 kwa kila 1,000. Kodi ni shilingi 80,000. Miaka inapita, Michenzani na Darajani zinajengwa maduka mapya, viwanja karibu na mji vinatafutwa kwa udi na uvumba, na mthamini anaandika milioni 80. Kiwango kikibaki kilekile, kodi ni 160,000. Hamjaongeza tofali, hamjauza, hamjapata hata shilingi. Mtaa umepanda bei na nyinyi mmo ndani yake.

Lakini hapa pana jambo ambalo wananchi wengi hawaambiwi, na mimi nalisema kila ninapopata nafasi. Kama thamani za nyumba zote zimepanda mara mbili, na matumizi ya baraza la manispaa hayakupanda mara mbili, kiwango kingeweza kushushwa kutoka shilingi 2 hadi shilingi 1, na kila mtu angelipa 80,000 yake kama zamani. Thamani haipandishi kodi peke yake. Kuna watu walikaa kikaoni wakaamua kiwango kisiguswe. Huenda walikuwa na sababu nzuri: mitaro, gari za taka, taa za barabarani. Huenda hawakufikiri kabisa. Kwa vyovyote vile, hilo ni uamuzi, na uamuzi una wenyewe wenye majina, unaoweza kuwauliza.

Kuacha thamani za zamani zisiguswe nako kuna hasara yake. Nairobi waliendelea kutumia tathmini ya mwaka 1980 kwa karibu miaka 40, na walipokuja kutaka kubadilisha, kelele zilikuwa kubwa kwa sababu pengo lilikuwa limeshakuwa bonde. Uingereza mpaka leo kodi ya mabaraza yao inapangwa kwa bei za nyumba za mwaka 1991. Kule California, Marekani, wenye nyumba walichoshwa na kodi kupanda, wakapiga kura mwaka 1978 wakaifunga: isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani ya kutozea isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Wazee walipumua. Lakini sasa majirani wawili wenye nyumba za aina moja wanaweza kulipa kodi zinazopishana mbali sana, kwa sababu mmoja alinunua zamani na mwingine jana. Kwa maoni yangu, bora thamani ipitiwe kila baada ya miaka michache na kiwango kishushwe hadharani, kuliko kuizika miaka 30 kisha kuifukua kwa siku moja juu ya kichwa cha mjane.

Nigusie la Bara kidogo, kwa sababu watu wanalichanganya. Tanzania Bara tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU: ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500 na 7,500. Kaka yako wa Dar es Salaam anakatwa hiyo, na pengine ndiyo maana anadhani hata kwenu mambo ni hayohayo. Sivyo. Kodi ya majengo si jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria zake, na umeme wako wa TUKUZA unauziwa na ZECO, Shirika la Umeme la Zanzibar. Mtu akikutumia kipande cha habari za Bara kwenye simu, usikipeleke ofisini kama ushahidi.

Jirani naye anauliza vipi mtu alipie nyumba yake mwenyewe. Simlaumu, na swali lake lina mizizi hapa hapa Ng'ambo. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Vibanda vilikuwa vyao, wamejenga kwa mikono yao, lakini ardhi chini yake ilikuwa ya wengine, na wenye ardhi walikuwa wakipandisha watakavyo. Waliogoma wakafungwa, na umati ukaenda gerezani kuwatoa. Serikali ya kikoloni ikalazimika kuingilia kati na kudhibiti viwango. Mpaka leo kwetu nyumba na ardhi ni vitu viwili. Tangu 1964 ardhi yote ni mali ya umma, na sheria ya ardhi ya mwaka 1992 inampa mtu haki ya kuitumia. Ndiyo maana familia moja yaweza kupokea karatasi ya ardhi na karatasi ya jengo kwa wakati mmoja na zote zikawa halali.

Wale wa 1928 walikuwa wakilipa mifuko ya watu. Kodi ya leo, ikitumika inavyotakiwa, inarudi mtaani. Dada yako wa Mwanakwerekwe anaijua mvua ya masika; anajua nyumba inakuwa na thamani gani maji yanapokuwa magotini, na inakuwa na thamani gani mtaro unapofanya kazi. Mtaro haujengwi kwa dua peke yake. Kwa hiyo jirani asikushawishi ugome peke yako. Mtu mmoja akigoma hawi mgomo, anakuwa mdaiwa. Anachoweza kukifanya jirani, kama ana uchungu kweli, ni kwenda na wewe na wenzenu kumi wa shehia moja kuuliza fedha za mwaka jana zilifanya nini Miembeni.

Sasa kaka zako. Hapa sitazunguka.

Kauli ya "alipe aliye ndani" ina ukweli nusu. Yale ya matumizi, yaani umeme, maji, taka, ni ya anayetumia. Nyinyi mnaoishi humo ndio mnaotoa taka, hamwezi kumwandikia mtu wa Muscat ada ya taka zenu. Lakini kodi inayotozwa kwa sababu ya kumiliki ni ya wanaomiliki, na nyumba hiyo haina mmiliki mmoja. Wanazuoni wa fiqhi wana kanuni inayojulikana kwamba gharama huifuata faida: mwenye fungu katika mali ana fungu lake katika mzigo wake.

Hesabu yenu imekaa vizuri ajabu. Ikiwa warithi ni hao tu ulionitajia, mama ana thumni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Saba ya nane iliyobaki ni ya watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Kaka wawili ni mafungu manne, na nyinyi dada watatu ni matatu, jumla saba. Kwa hiyo kila fungu ni moja ya nane kamili. Mama moja, wewe moja, dada wa Chake Chake moja, dada wa Mwanakwerekwe moja, na kila kaka mbili. Tuchukue ile kodi ya mfano ya 160,000: mama 20,000, kila dada 20,000, kila kaka 40,000. Hao kaka wanaosema alipe aliye ndani, peke yao wamebeba nusu ya deni, kama watakavyobeba nusu ya bei siku nyumba itakapouzwa. Hawawezi kuwa nusu siku ya kugawana na kutokuwepo siku ya kulipa.

Lakini nawe una la kusikia, dada yangu, na nalisema kwa mapenzi. Pango la duka ni zao la mali ya warithi wote. Kama kaka na dada zako wameridhia libaki kwa mama kwa ajili ya mchele, wamefanya wema na wana thawabu yake, ila ridhaa hiyo iandikwe. Kama hakuna aliyeulizwa, hapo ndipo penye kinyongo, na huenda ndicho kinachomfanya kaka yako aseme maneno makali. Pendekezo langu ni kwamba pango liwe ndilo la kwanza kulipia kodi ya nyumba, kinachobaki kiwe matunzo ya mama kwa makubaliano ya wote, na pungufu lolote ligawiwe kwa mafungu niliyoyataja. Muiandike karatasi moja, kila mtu aisaini. Wa Muscat na wa Dar es Salaam wanaweza kutumiwa kwa simu wakairudisha na saini zao. Kumbuka pia kwamba pango hilo lina upande wa kodi ya mapato, ambayo ni ya Muungano na husimamiwa na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Usilichanganye na hili la jengo.

Na kama mirathi haijapitishwa rasmi, nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wao ndio wanaofanya hesabu za mirathi na kusimamia mgawanyo, na palipo na mvutano kuna Mahakama ya Kadhi. Familia nyingi za Unguja na Pemba huchelewesha hili kwa kuona haya, wanasema mama yupo hai, tutagawaje. Kugawa mafungu kwenye karatasi si kumtoa mama ndani. Mama aweza kukaa humo mpaka mwisho wa uhai wake na kila mtu akajua fungu lake. Kinachoumiza ni jina la marehemu kubaki kwenye daftari la serikali mwaka baada ya mwaka, madai yakiandikwa kwa mtu aliyekwisha zikwa, na faini zikirundikana kwa yule aliye karibu na mlango. Weka na risiti zako zote, hata za miaka iliyopita. Risiti hazikufanyi mmiliki, lakini zinathibitisha ulichowalipia wenzako, na una haki ya kukidai.

Kuhusu mama, kuna jambo linaloniuma. Kodi inatozwa juu ya nyumba, lakini inalipwa kwa pesa ya mfukoni, na nyumba haitoi pesa. Bibi wa miaka 70 na zaidi hapa kwetu anapata pensheni jamii, ile iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikaongezwa. Ukiichukua hiyo kulipia ukuta aliojengewa na mumewe, umempa kwa mkono huu na kumnyang'anya kwa mkono ule. Kwa hiyo ndani ya barua yako uliza waziwazi kama sheria inayotajwa kwenye karatasi ina msamaha au punguzo kwa nyumba anayoishi mzee au mjane. Kama upo, apewe. Kama haupo, hilo ndilo la kumpelekea diwani na Mwakilishi wenu. Penye nia pana mifano: jimbo la British Columbia huko Kanada linamruhusu mwenye nyumba aliyefikisha miaka 55 kuahirisha kodi ya makaazi yake mpaka nyumba itakapouzwa au kurithiwa. Freetown, Sierra Leone, walibadilisha kodi yao kwa kuipa kila nyumba alama kulingana na ukubwa, vifaa na mahali ilipo, hata mtu wa kawaida anaweza kuhesabu mwenyewe kwa nini anadaiwa anachodaiwa. Hakuna kinachotuzuia sisi kuwa na hesabu inayosomeka.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Baraza la Wawakilishi pale Chukwani hujadili bajeti Mei na Juni, na mabaraza ya manispaa hupanga mapato yao kabla ya hapo. Malalamiko yanayofika Agosti yanamkuta kila mtu ameshafunga daftari. Yanayofika Januari au Februari, yenye majina na saini za watu wa shehia moja, yanaingia kwenye meza ambayo bado ina nafasi.

Barua yako iwe fupi. Andika hivi: "Nimepokea madai ya tarehe fulani, namba fulani, ya nyumba iliyopo Miembeni. Naomba kuonyeshwa thamani, ukubwa, matumizi na kiwango vilivyotumika, pamoja na mchanganuo wa deni la nyuma na faini. Napinga ukubwa uliohesabiwa kwa sababu vipimo vilivyoambatanishwa vinaonyesha tofauti. Naomba chumba cha duka kitenganishwe na makaazi. Naomba msamaha au punguzo kwa ajili ya mama yetu kama sheria inaruhusu. Wakati nikisubiri majibu, nimelipa kima ambacho sina pingamizi nacho." Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Muda wa kupinga huwa umewekwa na sheria, na huenda umeandikwa kwenye karatasi kwa herufi ndogo, usiupitishe. Na malipo yoyote yafanywe kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwenye simu. Mtu akija mlangoni na kitabu cha risiti akataka pesa taslimu, mwambie kwa adabu kwamba utalipa kwa namba.

Kabla ya kwenda, mpigie kwanza kaka wa Muscat na yule wa Dar es Salaam, kisha dada zako. Jina lililopo kwenye karatasi nadhani bado ni la marehemu, na jambo la kwanza utakaloulizwa dirishani ni wewe unamwakilisha nani. Chukua barua ya warithi inayokuidhinisha, yenye saini zao na ya mama, nakala ya cheti cha kifo, na kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi. Bila hivyo watakuambia urudi kesho, na siku za kupinga zinaendelea kuhesabiwa.